Duveti la Kijerumani

Jumatatu, 10 Julai 1995

Nimekuwa baba! Msichana. Kilo tatu na robo. Alizaliwa jana mchana kwa upasuaji. Atieno hajambo, ila daktari amesema hatoki hospitali kabla ya Ijumaa. Ameshampa mtoto jina: Aloo, jina la marehemu mama yake. Mimi nilikuwa nimeandaa majina saba kwenye karatasi. Karatasi bado iko mfukoni. Hakuna aliyeiulizia.

Jioni Mama Kashindye, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu hapa Pasiansi, alikuja mpaka mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa hongera, kisha akasema Jumamosi saa tisa akina mama watakuja kumwona mzazi na mtoto. Watakuwa kumi na nne. Nikasema karibuni sana, sebule ni yenu. Akacheka. Akasema mzazi aliyepasuliwa hakai sebuleni. Wataingia chumbani.

Chumbani!

Nikaenda kukitazama kitanda chetu. Sikuwahi kukitazama kwa macho ya akina mama kumi na nne. Shuka moja iliyopauka. Juu yake blanketi la Atieno, la kijivu, zito kama toba. Alipewa na baba yake, mzee aliyefanya kazi kwenye meli za ziwani, siku anaondoka Shirati kuja kuolewa na mimi. Lina kiraka. Nilikipima kwa kiganja. Kimezidi kiganja.

Sasa jirani. Mwaka jana mke wa Chenge alipojifungua, kitandani kwake kulikuwa na komfota. La waridi, lenye riboni pembeni. Akina mama walitoka pale wakisimulia komfota kwa mwezi mzima. Mtoto hawakumtaja. Mtoto mwenyewe anaitwa Princess. Chenge ni msimamizi katika kiwanda cha minofu ya sangara, na kila Jumamosi komfota lile huanikwa kwenye kamba inayoelekea dirisha langu. Si bahati mbaya. Kamba zipo mbili.

Nina siku nne. Atieno hayupo, kwa hiyo hakuna wa kunizuia.

Jumanne, 11 Julai

Niliaga kazini kwamba naenda hospitali. Nilikwenda kweli, dakika kumi. Atieno alikuwa amelala, mtoto kamlalia kifuani. Nikawaangalia, nikaona haya sijui kwa nini, nikaondoka kwenda mjini kwa Iqbal.

Duka la Iqbal siku hizi lina kila kitu. Zamani tulipanga foleni kwa kanga mbili. Sasa vitu vimejaa mpaka vinaning'inia darini. Nikamwambia nataka kitu cha kujifunika, cha hadhi. Akauliza duveti au komfota. Nikasema ndiyo.

Akanielewesha taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Komfota limeshonwa moja kwa moja, pamba iko ndani, unatandika, basi. Duveti ni vitu viwili: kuna la ndani lenye manyoya au pamba, na kuna mfuko wake wenye vifungo. Mfuko ukichafuka unavuliwa, unafuliwa, unarudishwa. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye yote mawili nyumbani. Akili yangu ilishika neno moja tu katika kila matatu.

Nikauliza lipi ni kubwa kwa heshima. Akasema hiyo si biashara ya heshima, ila Wazungu wa Ulaya hasa hujifunika duveti.

Ulaya! Chenge anauza sangara Ulaya na bado analala kwenye komfota! Nilitamani kumkumbatia Iqbal.

Kisha nikaona kikaratasi cha bei. Nikasema nitashauriana na mama watoto. Iqbal akaniambia, bila dharau yoyote, kwamba kwa hali ya hewa ya Mwanza na mtoto mchanga, blanketi zuri linatosha. Mtu mwaminifu sana. Atafilisika.

Jumatano, 12 Julai

Sokoni Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Nimepata!

Muuzaji anaitwa Ngosha. Kijana wa maneno matamu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, duveti. Akainama chini ya meza akatoa kitu: cheupe, chenye ndege wa rangi ya dhahabu, na vifungo vya lulu upande mmoja. Akasema, "Kaka, hii mari ya Ujerumani. Imeshuka asubuhi." Nikauliza mbona jembamba. Akasema ndiyo ufundi wenyewe, Mjerumani ametoa uzito akabakiza joto.

Nikaamini. Naandika hapa nilivyoamini ili siku moja nijisamehe.

Hela niliyokuwa nayo akaiangalia kama unavyomwangalia mgonjwa. Akauliza nyumbani nina nini. Nikataja redio, akasema redio zimejaa. Nikataja viatu vya harusi. Hapana. Akasema kinachotafutwa sasa ni mablanketi mazito ya zamani, wavuvi wanayagombania, ziwani usiku kuna baridi.

Miguu ndiyo ilijibu. Nilijikuta Pasiansi.

Nilipolikunja blanketi niliona kitu ambacho miaka miwili sikuwa nimekitazama vizuri. Kwenye pembe baba yake Atieno ameandika kwa uzi mwekundu, kwa mkono wa mtu asiyejua kushona: ATIENO. Ile N imegeuka nyuma mbele. Nikasimama. Nikajiambia ni pembe moja tu, na blanketi lina pembe nne. Nikakunja pembe hiyo kwa ndani nisiione. Nikatoka upande wa nyuma ili Mama Princess asiniulize ninakwenda wapi.

Ngosha alilipokea bila hata kulinusa. Hilo liliniuma.

Saa kumi na moja. Nimelitandika duveti. Limelala juu ya kitanda kama karatasi. Nimefungua vifungo kuona huo ufundi wa Mjerumani. Ndani hamna kitu. Nimeingiza mkono mpaka begani. Hamna kitu!

Ni mfuko. Nimenunua mfuko.

Alhamisi, 13 Julai

Asubuhi mbio kwa Ngosha. Akasema niliomba duveti, na hili ni duveti. La ndani huja na mzigo mwingine, labda Septemba. Nikasema nirudishie blanketi langu. Akasema limeshakwenda. Jumbe, mvuvi wa Kirumba, alilichukua jana ile ile. Nilitaka kupandisha sauti. Lakini ningesema nini mbele ya watu? Kwamba nimeuza blanketi la mzazi akiwa bado hospitali? Nikaagana naye kwa heshima. Hata nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Basi lazima lijazwe.

Mimi ni karani wa ghala katika kampuni mpya ya kununua pamba. Msimu umefunguka, magunia yamepanda mpaka kwenye mabati. Sakafuni kuna mabaki yanayofagiliwa kila jioni. Pamba ni pamba! Nikajaza magunia mawili kwa ufagio. Sikumwomba mtu ruhusa. Getini mlinzi, mzee Antoni, akanisimamisha. Nikamwambia ni ya kumtengenezea mtoto mto. Mzee wa watu macho yakamlegea. Akanipa hongera kwa mikono miwili, akasema mto mmoja hautoshi, akaingia mwenyewe ghalani akaniongezea gunia la tatu. Akanisaidia kulipandisha kwenye baiskeli.

Nilikwenda njia yote nimeinamisha kichwa. Mtu wa kunikamata angenisaidia zaidi.

Nimejaza mchana kutwa. Pamba hii haijachambuliwa, ina mbegu zake zote, na vijiti, na kipande cha kandambili. Kandambili nimeitoa. Duveti limevimba. Kiboko amelala kitandani kwangu. Nikiliinua, pamba yote inakimbilia miguuni, upande wa kichwa unabaki shuka.

Dawa nimeipata mwenyewe. Uzi wa nyavu na sindano ya magunia. Nimelishona kwa mraba mraba, juu mpaka chini, ndege wa dhahabu wawili nimewapitishia uzi shingoni, lakini pamba haitembei tena. Limetulia.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Iqbal. Kitu kilichoshonwa moja kwa moja, pamba ndani, mfuko hauvuliki. Nimeshona komfota! Siku tatu nimelikimbia komfota la Chenge, nimelikuta kitandani kwangu.

Hakuna atakayejua. Vifungo bado vinaonekana.

Ijumaa, 14 Julai

Wamerudi nyumbani. Aliyewaleta ni Chenge, kwa pikapu ya kiwanda. Hakuombwa. Alimwendesha Atieno polepole kama amebeba mayai, akasimama kila penye shimo. Nami nimekaa nyuma na mabeseni, namchukia mtu anayenitendea wema. Ni kazi ngumu.

Atieno kuingia chumbani, akatazama kitanda, akauliza kabla hajaketi:

"Blanketi langu liko wapi?"

Nikasema liko kwa dobi. Nimelipeleka lifuliwe vizuri kwa ajili ya mtoto.

Blanketi lile halijawahi kuona dobi. Nilingoja anikamate. Badala yake akanishika mkono. Akasema, "Ahsante, Okech. Sikujua ungefikiria hilo." Akanitazama kama ananiona upya.

Ningepigwa kofi ningelala vizuri zaidi.

Nikamwonyesha duveti haraka, nikamwelezea Ujerumani. Akajilaza chini yake kwa tabu, mkono kwenye mshono. Akauliza mbona linachoma. Nikasema ndiyo ya Ulaya yalivyo, yanasisimua damu. Akasema yeye damu yake imesisimuliwa vya kutosha wiki hii. Akamfunga mtoto kwa kanga mbili, maana upepo wa ziwa unaingia dirishani, akalala bila kulalamika tena.

Nimekaa sebuleni. Namsikia akijigeuza. Kila akijigeuza, mbegu zinalia kra kra.

Jumamosi, 15 Julai

Naandika nikiwa nje, nyuma ya nyumba, juu ya jiwe. Ndani siwezi kukaa.

Walikuja kumi na nne kama walivyoahidi, na sabuni na unga wa uji na kuku wawili. Mimi nikasimama mlangoni mwa chumba, eti napokea. Kumbe nasubiri sifa.

Mwanzo ulikwenda vizuri! Macho yote kwenye duveti. Mama mmoja aligusa ndege. Mama Princess alipapasa, akapapasa tena, akaniuliza kwa adabu tu: hili ni duveti au komfota? Nikasema duveti, nikaongeza kwamba komfota ni la Kimarekani, watu wa Ulaya wamekwisha kuliacha. Akaondoa mkono. Nikajisikia mrefu.

Mama Kashindye akaketi ukingoni mwa kitanda. Kra! Akasimama kidogo, akaketi tena. Kra! Akanitazama. Kisha akasema tuombe.

Wakafumba macho. Mimi sikufumba, nilikuwa nahesabu vichwa. Ndiyo maana niliona wa kwanza. Mdudu mwekundu, mwenye weusi mgongoni, alitoka kati ya vifungo viwili vya lulu, akatembea juu ya ndege wa dhahabu, taratibu, kama mgeni rasmi. Nyuma yake wa pili. Kisha watano. Nilipiga hatua kwenda kuwaondoa, lakini ningepitaje katikati ya sala? Nikasali mimi pia, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mdudu akapanda kwenye kanga nyeupe ya mtoto.

Amina. Macho yakafunguka. Mama mmoja akapiga yowe.

Mama Kashindye hakupiga yowe. Amelima pamba Bariadi miaka thelathini. Alimshika mdudu kwa vidole viwili, akamwinua kwenye mwanga, akasema, "Kangambili." Akafungua kifungo, akaingiza mkono, akavuta. Akafungua kiganja mbele ya wote. Pamba yenye mbegu. Akaichambua kwa dole gumba kama yuko kwenye mizani ya chama cha ushirika.

"Tena fifi, ile ya daraja la pili," akasema. "Pamba safi hata hukupata, baba?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Atieno naye alicheka, ameshika mshono, machozi yanamtoka, anaomba wamwache maana anaumia. Kwa kitambo hicho kidogo nilidhani nimepona. Kama anacheka, basi limekuwa jambo la kucheka.

Halafu kicheko kikamwishia usoni. Akasema wampe mtoto, waondoe hiki kitu, na mimi niende kwa dobi nichukue blanketi.

Nikasema dobi amefunga.

Mama Princess, bila ubaya wowote, akauliza ni dobi gani. Baba Princess yuko nyumbani na gari, atamfuata mpaka kwake.

Akina mama kumi na nne, kuku wawili, na mimi.

Nikasema hakuna dobi.

Nikasema yote. Mlango Mmoja, Ngosha, mfuko, ufagio wa ghalani. Nilidhani nitasema kwa kifupi, lakini kila nikitaka kunyamaza Atieno alikuwa ananitazama tu, nikaendelea. Hata kuhusu pembe niliyoikunja nilisema. Hakuna aliyeniuliza kuhusu pembe.

Atieno hakulia. Alisema sentensi moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Baba alinipa lile ili nisipate baridi kwako."

Wanne wakalibeba duveti nje kama maiti. Kitandani ikabaki shuka iliyopauka, na mke wangu, na mtoto wa siku sita. Mama Princess alitoka. Nikajua anakwenda kumsimulia mumewe. Akarudi na komfota la waridi, limekunjwa, lina harufu ya jua. Akamfunika Atieno na mtoto, akachomeka pembeni kote. Hakunitazama hata kidogo, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa komfota.

Nililiona kwa karibu. Ni zuri. Limeshonwa vizuri sana.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya misa Chenge alikuwa ananisubiri kwenye pikapu. Akafungua mlango wa mbele. Akasema twende Kirumba tukamtafute huyo Jumbe.

Karibu na uwanja wa mpira akasema kwamba komfota lile hata yeye halipendi, linamtoa jasho, analala sakafuni tangu mwaka jana. Akasema nisimwambie mtu. Miezi kumi na tano ya wivu wangu, kumbe mwenzangu yuko kwenye mkeka!

Mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga, tuliulizia mpaka tukamkuta. Jumbe ni mtu mzima, ndevu nyeupe, anashona wavu kwenye kivuli cha boti iliyoinuliwa. Blanketi lilikuwa kwenye paa la boti, limeanikwa juu ya dagaa. Pembe ya uzi mwekundu ilikuwa inapepea.

Nikampa shikamoo. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima: blanketi lina ugonjwa, blanketi ni mali ya serikali. Chenge akanikanyaga mguu. Nikasema kweli. Nikasema ni la mke wangu, amejifungua, nililitoa bila kumwambia.

Mzee akaacha wavu. Akauliza mzazi amejifunika nini sasa. Nikasema komfota la jirani. Akainuka, akalishusha blanketi, akalikung'uta dagaa mara tatu, akalikunja vizuri, pembe ya jina ikiwa juu.

"Mpelekee," akasema. "Mimi baridi tumezoeana."

Nikasema nitamletea kitu badala yake, ninalo duveti la Kijerumani. Chenge alicheka mpaka akashika boti. Mwishowe ni yeye aliyevua koti lake la kiwandani, zito, la kuingilia chumba cha barafu, akamwachia mzee. Mimi nilisimama pale na blanketi mikononi. Sikuwa na kitu cha kuvua.

Atieno alilipokea. Akalinusa. Linanuka dagaa vibaya sana. Akakaa nalo usoni kitambo, akasema baba yake akirudi nyumbani alikuwa ananuka hivyo hivyo. Nikadhani nimesamehewa, nikasogea kitandani. Akaniambia nikae pale pale mlangoni kwanza.

Nilikaa mlangoni.

Jumatano, 19 Julai

Nimeapa. Leo asubuhi, mbele ya Atieno, mkono juu. Sitatafuta tena hadhi kwa vitu. Mtu ni utu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akanipa mtoto nimshike, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Aloo alinishika kidole. Nilijisikia mtu mpya kabisa, ninayeweza kuaminiwa.

Mchana nimepita posta. Ubaoni kuna tangazo. Mzungu mmoja mtafiti wa dhahabu anahama Ilemela, anauza vyombo. Nilisoma tu, kwa kupitisha muda. Meza. Feni. Godoro la maji.

La maji!

Nimekwenda kuuliza, kuuliza tu. Mlinzi wake amenieleza: unalijaza maji, unalala juu, linakubembeleza. Mwanza nzima hakuna jingine. Lina tundu dogo, la kuzibwa kwa gundi ya baiskeli. Ubatizo wa Aloo ni mwezi ujao, na akina mama lazima watapita ndani kumwona mzazi. Hii si hadhi. Ni afya ya mgongo wa Atieno baada ya upasuaji.

Hela haitoshi, lakini mlinzi amesema Mzungu atapokea kitu chochote kizuri cha asili. Atieno ana pasi ya mkaa, ya shaba, yenye jogoo kwenye kifuniko. Siku hizi hapigi pasi.

Akiuliza, iko kwa fundi.